Kilichotandikwa

Mtaani kwetu Al Khoudh, nyuma ya duka la gesi,
manispaa wametia kibao cha buluu,
juu Kiarabu, chini Kizungu.
Mama kasimama chini yake, miwani kaipandisha,
anaokota herufi moja moja kama achambuaye mchele:
"Si-ti-ri-ti."
Akanigeukia. "Wanasitiri nini hapa?
Mbona ukuta wa Thuweiba umeanguka tangu mafuriko,
na nguo zake zote za ndani twaziona?"

"Street, mama. Ni njia."
"Najua ni njia, naikanyaga.
Nakuuliza neno limetoka wapi."

Mama ndivyo alivyo. Mtu akija kuposa haulizi ana gari gani,
huuliza bibi yake kazaliwa wapi, na nani kamzalisha.
Neno nalo kwake ni mgeni mlangoni:
litaje kwanza ukoo wake, ndipo livue viatu.

Usiku, baada ya kumsugua magoti kwa mafuta ya karafuu,
nikafungua kamusi nene niliyoiazima ofisini,
nikamsomea:
kwamba Warumi, enzi za nguvu zao,
hawakuiacha njia iwe vumbi. Waliitandika,
mawe juu ya changarawe,
na kilichotandikwa wakakiita strata.
Wakaondoka, kama waondokavyo wote wenye nguvu;
mawe yakabaki, na neno likabaki juu ya mawe.
Waingereza wakaliokota, wakalikwangua
mpaka likawa silabi moja,
fupi kama mlango ukibamizwa na upepo.

"Kutandika," akasema mama. "Kama mkeka."
"Kama mkeka."
"Kama kitanda cha mzazi."
"Hicho pia."
Akaridhika. Nikadhani tumemaliza.

Lakini chini ya ukurasa palikuwa na maandishi madogo,
na mimi sijui kumficha mama kitu.
Wenye ilimu wanasema, nikamwambia polepole,
neno hilohilo lilishika njia nyingine, ya mashariki,
likalala kwa Wagiriki, likalala Shamu,
likawafikia Waarabu limevaa swadi:
Sirati.

Akanyamaza.
Mara kumi na saba kwa siku huomba aongozwe njia hiyo.
Na daraja analoliogopa tangu chuoni Wete,
jembamba kuliko unywele, kali kuliko upanga,
leo mwanawe anamwambia
lina binamu kwenye kibao cha manispaa.

"Mola kaazima neno kwa Warumi?"
"Mola haazimi, mama. Watu ndio huazimana,
Naye husema nao kwa wanachokijua."
Kiyoyozi kikanguruma, kikapoa.
"Thuweiba huja kwangu kuazima chumvi," akasema mwisho.
"Ikishaingia kwenye mchuzi wake, nitaidai vipi?"

Wiki iliyofuata wakaja kutandika njia yenyewe,
matofali ya kijivu, yameumana kama meno.
Aliyepiga magoti mbele ya mlango wetu anaitwa Mofizul,
taulo kichwani, saa tano, jua halina adabu.
Mama akamtolea maji na tende,
akautazama uzi alioukaza toka nguzo hadi nguzo.
"Barabara!" akamwambia, yaani sawasawa.
Kijana akainua uso.
"Borabor," akajibu kwa lugha ya kwao,
na kiganja chake kikachora mstari mnyoofu hewani.
Wakatazamana kama watu waliokutana matangani,
kumbe babu yao mmoja.

Sikufungua kamusi. Hilo niliwaachia wenyewe.

Jioni, mchanga haujashindiliwa bado, mama akavua ndara,
akakanyaga kwa mguu mmoja, ule wenye uvimbe.
Tofali likacheza kidogo, likatulia.
"Pana," akasema. "Hata mkokoteni unapita."
Akageuka kurudi ndani. Mlangoni akakumbuka:
"Na mwambie Thuweiba ajenge ukuta wake.
Sasa watu watapita."